PIKAPU MBILI ZA CHAMA CHETU



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi mtasoma habari za mazao tuliyouza, maghala tuliyojenga na viongozi waliotutumikia. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kazi ya kuandika historia ya chombo ambacho kila mwanachama amekiona, na wengi wamepata kukisukuma matopeni, yaani pikapu ya Chama. Huenda mtu akauliza, je, gari nalo lina historia ya kuandikwa? Twajibu kwamba linayo, maana fedha nyingi za Chama zimepita katika tangi la gari hilo. Tena kosa kubwa kuliko yote tuliyoyafanya katika miaka hii kumi lilifanyika ndani ya tangi hilohilo. Yafaa liandikwe wazi, ili watakaotufuata wasilirudie.

Mlima na mzigo

Nchi yetu ya Usambara ni nchi ya baraka na taabu pamoja. Baraka ni udongo na baridi, vinavyotupa viazi, kabichi, karoti na nyanya hata wakati nchi za chini zimekauka. Taabu ni mlima. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, nazo huteremka kwa kona baada ya kona, mlima ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, lakini haikupanda kuja Lushoto. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya vichwa na mabega ya wazee wetu, walioteremka na mizigo alfajiri na kupanda tena jioni wakiwa na chumvi na nguo.

Ushirika nao una mlima wake. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaanzisha chama chao kikuu. Vyama vikuu viliongezeka na kupata nguvu, kisha mwaka 1976 vikavunjwa na Serikali, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Chama Kikuu chetu ni mtoto wa juzi tu. Kilizaliwa mwaka 2015, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kikiwa na chumba kimoja cha kupanga, meza mbili, kabati la vitabu lisilo na kufuli, na deni la mizani.

Mwaka huohuo tulinunua pikapu yetu ya kwanza. Ilikuwa Hilux ya dizeli iliyoundwa mwaka 1999, ambayo ilikuwa imekwisha tumika mikononi mwa wengine. Rangi yake nyeupe ilikuwa imepauka, na mlango wa kushoto haukufunguka ila kwa nje. Lakini siku ilipoingia uwanjani mwa ofisi wanachama waliimba, na mzee mmoja akaweka kiganja chake juu ya boneti kama mtu ampigaye ng'ombe mgongoni, akasema, "Sasa tuna kichwa cha kubebea."

Asili ya injini ya dizeli

Kabla hatujaendelea, yatupasa tueleze kidogo chombo chenyewe kilikotoka, maana bila habari hizo msomaji hataelewa kwa nini pikapu mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na tabia mbalimbali kama mtu na mjukuu wake.

Dizeli ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wa wazazi wa Kijerumani. Katika siku zake viwanda viliendeshwa kwa injini za mvuke, nazo zilipoteza sehemu kubwa sana ya moto wa makaa. Mwaka 1892 aliomba hataza huko Ujerumani kwa wazo lake. Hewa ikishindiliwa sana ndani ya silinda hupata moto yenyewe, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi mwa mtu ajazaye tairi; na mafuta yakinyunyizwa katika hewa hiyo huwaka bila cheche ya plagi. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana kugeuza kuwa kazi zaidi ya robo ya nguvu iliyomo katika mafuta, kiwango ambacho injini za mvuke za siku hizo hazikukifikia.

Jambo moja katika habari zake litawapendeza wakulima. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Naye mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba mafuta ya mimea huenda yakawa na faida kubwa siku za mbele. Alipotea baharini mwaka 1913, akivuka kwenda Uingereza kwa meli.

Injini za kwanza zilikuwa kubwa na nzito, zikafaa viwanda na meli. Malori ya dizeli yalitokea Ujerumani mwaka 1924. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma dizeli, na tangu hapo injini hizo zikaweza kuwa nyepesi zaidi. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilionyesha motokaa ya abiria ya dizeli. Land Rover, ambayo wazee wetu waliizoea kuwa gari la mabwana shamba na la maofisa, ilitokea mwaka 1948, ikapata injini ya dizeli mwaka 1957. Hilux ya Toyota ilianza mwaka 1968 kwa petroli, na dizeli ikaja katika miaka ya mwisho ya 1970.

Pikapu yetu ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 2.8 isiyo na tabo. Hewa yake iliivuta yenyewe, kama sisi tuvutavyo pumzi. Dizeli ilisukumwa na pampu ya chuma iliyozungushwa na injini, ikanyunyizwa na nozeli nne katika kijumba kidogo kilicho juu ya silinda, ikaanza kuwaka humo kwanza. Hapakuwa na kompyuta katika kazi hiyo. Fundi mwenye spana chache, kitambaa safi na masikio mazuri aliweza kuitengeneza chini ya mti.

Usiku wa Soni

Kwa miaka minne gari hilo lilituchukulia mbegu, mbolea, nyanya, majeneza na mabibi arusi. Lakini lilikunywa dizeli, na fedha za Chama zilikuwa chache. Basi tulianza kununua dizeli ya madumu kutoka kwa mtu aliyeiuza kando ya barabara kwa bei nafuu kidogo kuliko ya kituo. Hatukumwuliza aliitoa wapi. Hati ya malipo iliwekwa sahihi na ofisi yetu kila mara, nasi tulijisifu katika vikao kwamba tunabana matumizi.

Watu wa nchi hii hawakukosa kuonywa kuhusu mafuta yasiyo safi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli ili wapate faida. Tangu mwaka 2015, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa Chama chetu, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa kidogo zaidi, isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni. Mambo hayo twayajua sasa. Wakati ule tulijua bei ya dumu tu.

Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2019 pikapu iliteremka kutoka Lushoto ikiwa na matenga 20 ya nyanya za wanachama wa vijiji vitatu. Lori la kwenda Dar es Salaam lilikuwa likingoja Mombo. Mvua ilikuwa kubwa. Ndani ya gari alikuwamo dereva wetu, utingo, na mama mmoja mjane aliyefuatana na matenga yake sita, maana fedha zake zilikuwa zimekwisha pangiwa mahitaji ya mtoto wake wa shule. Walipopita Soni injini ilikohoa mara tatu, ikanyamaza. Dereva aliliacha gari katika gia, akaliegemeza polepole ubavuni mwa mlima, na utingo akaruka kuweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Upande wa pili, hatua chache tu, lilikuwako korongo.

Walikaa hapo hadi kulipokucha. Fundi alipofika alifungua chujio la dizeli, akamimina kilichomo katika kopo. Chini ya dizeli yalikaa maji, na chini ya maji tope. Akasafisha, akasukuma kwa pampu ya mkono mpaka hewa ikatoka, na saa tatu asubuhi gari likawaka kana kwamba hapakuwa na neno. Lakini lori lilikuwa limekwisha ondoka, na nyanya zilizonyeshewa na kulaliana usiku kucha zikauzwa Mombo kwa bei ya kutupa.

Sasa twaandika neno lililo gumu kwetu. Katika taarifa tuliyoipeleka kwa Halmashauri tuliandika kwamba gari limechakaa na halifai tena kwa mlima. Habari za maji hatukuziandika. Gari lilikuwa limechakaa kweli, kwa hiyo hatukusema uongo mtupu; lakini tulitumia kweli ndogo kuifunika kweli kubwa.

Jaribio la magari mawili

Halmashauri iliposoma taarifa hiyo iligawanyika. Wazee walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Vijana walitaka gari jipya mara moja. Mzee mmoja aliyekuwa kimya akawakumbusha kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwisho wakapatana kwamba lisinunuliwe gari kwa maneno ya muuzaji wala kwa hasira ya msiba. Lijaribiwe kwanza, pamoja na la zamani, kwa njia yetu na kwa mzigo wetu.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo mfanyabiashara mmoja wa Tanga alikubali kutuletea Hilux iliyoundwa mwaka 2016, ambayo ilikuwa imetumika kidogo. Injini yake ilikuwa ya lita 2.4, ndogo kuliko ya pikapu yetu, na kwa sababu hiyo wazee wengi waliidharau. Lakini vitabu vya magari vilisema kwamba injini ile ndogo ina nguvu za farasi 150 hivi, na ile yetu kubwa 90 hivi. Wengi hawakusadiki.

Utaratibu wa jaribio ulikuwa hivi. Magari yote mawili yalijazwa dizeli ya kituo mpaka shingoni mwa tangi. Kila moja lilipakiwa viazi kilo 800, vilivyopimwa kwa mizani, wala si kwa lumbesa. Yaliteremka mpaka Mombo, yakapakua, yakapakia mifuko 16 ya mbolea ya kilo 50, yakapanda hadi Lushoto. Kesho yake yakafanya safari hiyo tena, madereva wakiwa wamebadilishana, ili mtu asiseme kwamba ulikuwa ufundi wa dereva. Kisha matangi yakajazwa tena, nasi tukaandika lita zilizoingia. Jumla ya mwendo ilikuwa kilomita 132 kwa kila gari.

Gari letu la zamani lilipanda kwa dakika 70. Dereva alishuka gia ya pili mara nyingi, na katika kona kali gia ya kwanza. Moshi mweusi uliandika njia yote nyuma yake, na mshale wa joto la maji ulipanda hadi akasimama mara moja kulipumzisha. Gari jipya lilipanda kwa dakika 50. Katika kona zilezile dereva alibaki gia ya tatu, akazungumza nasi bila kupaza sauti.

Tulimwuliza fundi sababu, naye akatueleza vizuri. Hewa ya mlimani ni nyepesi. Katika kimo cha Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, imepungua kiasi cha sehemu moja katika saba. Gari la zamani huvuta pumzi yake mwenyewe, kwa hiyo juu ya mlima hupata hewa pungufu, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoka kuwa moshi mweusi. Gari jipya lina tabo, yaani pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wenyewe utokao katika injini, nalo husukuma hewa ndani kwa nguvu. Wazo hilo si la leo, maana Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905. Tena katika gari jipya dizeli haipiti katika kijumba cha pembeni. Hukusanywa katika bomba moja la pamoja kwa shinikizo linalopita mara elfu moja ya lile la hewa tunayoivuta, kisha kompyuta hufungua kila nozeli kwa kipimo na wakati wake, na dizeli huingia moja kwa moja katika silinda kama ukungu mwembamba sana. Namna hiyo ilianza kuuzwa katika motokaa za abiria huko Ulaya mwaka 1997.

Lita nazo zilitoa ushahidi wake. Gari la zamani lilitumia lita 17, na jipya lita 13. Tofauti ni lita 2 kwa kila safari ya kwenda na kurudi. Kwa safari 5 kila juma na majuma 50 kwa mwaka, ni lita 500. Tulipopiga hesabu tuliona kwamba akiba hiyo ni njema, lakini peke yake haiwezi kulipa bei ya gari hata kwa miaka mingi. Kinacholipa gari ni nyanya kufika kabla lori halijaondoka. Mkulima haulizi lita, auliza saa.

Dereva wetu wa miaka mingi, mtu mzima mwenye maneno machache, alipoteremka katika gari jipya tulimwuliza alionaje. Akafuta mikono yake, akasema, "Ndugu Katibu, gari hili ni zuri, kwa breki na kwa nguvu. Neno langu ni moja tu. Lile la zamani likiumwa huniambia mimi. Nasikia mlio, nasikia harufu, najua. Hili likiumwa litamwambia nani?"

Alikuwa na haki. Katika gari jipya ugonjwa mwingi huonekana kwa taa ndogo ya njano mbele ya dereva, na maana ya taa hiyo husomwa kwa mashine ambayo mafundi wetu wa karibu hawakuwa nayo. Ilitubidi kwenda Tanga. Bei ya nozeli moja tuliyotajiwa ilizidi bei ya nozeli zote nne za gari la zamani. Ndipo fundi akatuuliza, "Dizeli yenu hununua wapi?" Tukajibu haraka kwamba twanunua kituoni, maana siku mbili zile tulikuwa tumenunua kituoni. Alitutazama kidogo, akasema kwamba maji na mchanga katika pampu yenye shinikizo kubwa namna ile si mambo ya kusafisha kwa kitambaa. Siku moja ya dizeli chafu yaweza kuua pampu na nozeli zote pamoja.

Swali la Mkutano Mkuu

Mkutano Mkuu wa mwaka huo ulijaa mpaka madirishani. Tulisoma matokeo ya jaribio: dakika, lita na bei. Wanachama walipiga makofi, na Mwenyekiti alikuwa karibu kuhoji kura, mama yule mjane aliposimama. Alikuwa hajapata kusema katika mkutano. Akasema, "Ndugu Mwenyekiti, sipingi gari. Nauliza tu. Gari hili jipya litakunywa dizeli ya dumu, kama lile nililolala ndani yake?"

Ukumbi ulinyamaza. Kumbe asubuhi ile ya Soni alikuwa amesimama karibu na fundi, akaliona kopo kwa macho yake. Alikuwa amengoja miezi mingi asikie kama ofisi itasema.

Basi tulisema. Tulieleza habari za madumu, za akiba ndogo tuliyojisifia, za maji na tope, na za taarifa tuliyoiandika. Tulieleza kwamba kwa miaka minne tulikuwa tukililisha gari la zamani uchafu, nalo likitusamehe, mpaka tukadhani kwamba msamaha wake ni busara yetu. Tulilihukumu gari, na wenye hatia tulikuwa sisi. Kulikuwa na maneno makali, nayo tuliyastahili. Mtu mmoja alitaka ofisi yote iondolewe. Mwingine akauliza kama watakaokuja watakuwa na vitabu vya namna nyingine, au watu wa namna nyingine tu wenye vitabu vilevile.

Swali hilo la pili ndilo lililojenga. Mkutano uliazimia mambo matano, nayo twayaandika hapa yawe kumbukumbu. Kwanza, wenye nyanya walipwe hasara yao kutoka katika fedha za ofisi. Pili, dizeli ya Chama inunuliwe katika kituo tu, kwa risiti, na risiti isiyo na namba ya gari na kilomita isilipwe. Tatu, pawe na daftari la safari litakaloandikwa na dereva, si na Katibu, na kusomwa kila mwezi mbele ya Kamati ya Usimamizi. Nne, maji yakaguliwe katika chujio kila Jumatatu, na chujio libadilishwe kwa kilomita zilizopangwa na mtengenezaji, si kwa hali ya mfuko. Tano, kwa kila safari itengwe fedha ya matengenezo, wala isiguswe kwa kazi nyingine. Baada ya maazimio hayo, na si kabla yake, kura ya kununua gari ilipigwa, ikapita.

Mambo tuliyoyaona tangu hapo

Gari jipya lilianza kazi mwaka 2020. Halikutuepusha na taabu zote. Katika mwaka wake wa pili taa ya njano iliwaka, tukapeleka gari Tanga, ikaonekana ni waya mmoja ulioguguna panya. Tulicheka, lakini tulikuwa tumepoteza siku mbili na nauli. Nozeli zake hazijatugharimu kitu hadi leo. Dereva wetu amelizoea, na kijana anayemsaidia amefundishwa kusoma mashine ya kupimia, ambayo Chama kilinunua baadaye. Hivyo swali lake, "litamwambia nani?", limepata jibu lake.

La zamani hatukuliuza. Lilifunguliwa injini, likabadilishwa ringi na beringi, nalo sasa hufanya kazi za karibu: kuchukua mbegu, samadi na mbao katika njia za vijiji ambako mwendo si neno kubwa. Nalo pia hunywa dizeli ya kituo. Wanachama wengine huona ni anasa kulipa gari la mwaka 1999 heshima hiyo. Sisi twaona ni kulipa deni, kwa kuwa lilitubeba kwa miaka minne huku likinywa uzembe wetu.

Wako watakaosoma habari hizi na kusema kwamba funzo lake ni kununua magari mapya. Na wako watakaosema kwamba vya kale ndivyo bora. Twawaomba wote wawili wasome tena. Gari jipya lilishinda katika mwendo, mafuta, breki na nguvu ya kupanda, wala hakuna haja ya kubishana na saa wala na lita. Lakini lilishinda kwa sharti. Chombo cha zamani kilivumilia ofisi yenye mambo ya kubahatisha. Chombo kipya hakivumilii. Chahitaji ofisi iliyo safi kama dizeli yake. Na huko mbele tunakokwenda vitu vingi vitakuwa vya namna hiyo: mizani ya umeme, malipo ya simu, hesabu za kompyuta. Kila kimoja kitatuuliza swali la mama yule kabla hakijatupa faida yake.

Daftari la safari lipo ofisini, juu ya meza, si kabatini. Kila mwanachama ana haki ya kulifungua. Ukurasa wake wa kwanza hauna kilomita wala lita. Kwa azimio la Mkutano tuliandika hapo tarehe ya usiku wa Soni, idadi ya matenga, na maneno haya: maji katika chujio, kosa la ofisi. Dereva mpya akiingia kazini huanza kwa kusoma ukurasa huo, na Katibu mpya vilevile.